Mwongozo Kamili wa Kutembelea Kazi ya Mikono Iliyojengwa Kando ya Barabara

Katika barabara nyingi za dunia kuna mahali ambapo msafiri hupunguza mwendo bila kukusudia, kwa sababu ameona kitu asichokitarajia: minara iliyopambwa kwa vipande vya vigae na chupa, kasri la mawe lililojengwa na tarishi wa posta, kilima cha udongo kilichopakwa rangi kuanzia chini hadi kileleni, au ua uliojaa sanamu za saruji zinazoelekea upande mmoja. Vitu hivi havikujengwa na serikali wala kampuni. Mara nyingi ni kazi ya mtu mmoja ambaye hakusomea usanifu wala uchongaji, aliyeanza siku moja kwa sababu zake mwenyewe, akaendelea kwa miaka ishirini au thelathini, akitumia vifaa ambavyo wengine walikuwa wamevitupa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kwenda kuona kazi ya namna hiyo kwa makusudi, na wala si kupiga picha moja dirishani na kuendelea na safari. Niseme msimamo wangu mapema: anayeingia mahali kama hapo ameingia uani kwa mtu, hata kama mwenye ua alikwisha kufariki, na karibu kila hatua nitakayoieleza inatokana na jambo hilo.

Hatua ya kwanza: Jua mahali hapo ni pa nani leo

Kabla ya kuangalia ramani au kuhesabu mafuta, tafuta kwanza jina la aliyejenga na hali ya mahali penyewe kwa sasa. Kazi hizi huwa katika hali nne, na kila moja ina adabu zake. Kuna ile ambayo mwenyewe yu hai na bado anajenga. Hapo huenda hakuna saa za kufungua wala kufunga, kwa kuwa pale ndipo anapoishi. Kuna ile iliyoachwa mikononi mwa familia au chama kidogo cha watu wanaojitolea, ambayo huenda ikafunguliwa siku chache tu kwa wiki au kwa miadi. Kuna ile iliyochukuliwa na mji au serikali ikawa makumbusho, yenye tiketi, saa na waongozaji. Mwisho, kuna ile iliyotelekezwa katika ardhi ya mtu ambaye huenda hataki wageni kabisa.

Tofauti hizi zina uzito kuliko zinavyoonekana. Le Palais idéal, kasri ambalo Ferdinand Cheval alilijenga kati ya 1879 na 1912 katika kijiji cha Hauterives nchini Ufaransa, limehifadhiwa kisheria kama mnara wa kihistoria tangu 1969, na mgeni hulifikia kama anavyofika makumbusho yoyote. Minara ya Watts mjini Los Angeles ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa la Marekani mwaka 1990. Inaonekana wakati wote kutoka nje ya uzio, lakini kuingia ndani hutegemea mpango wa waongozaji na kazi ya mafundi wanaoihifadhi. Mtu anayedhani kwamba kila mahali pa aina hii ni wazi tu kwa sababu pako kando ya barabara atasafiri kutwa nzima na kukuta mnyororo langoni.

Unapotafuta habari, angalia tarehe kwanza. Maelezo ya zamani hubaki yakisomwa kwa miaka mingi baada ya kitu chenyewe kubadilika. Huko Simi Valley, California, Tressa Prisbrey alianza mwaka 1956, akiwa na umri wa takriban miaka 60, kujenga nyumba ndogo kwa chupa na saruji ili apate pa kuweka maelfu ya penseli alizokuwa amezikusanya. Tetemeko la ardhi la 1994 liliziharibu vibaya, na anayesoma maelezo yaliyoandikwa kabla ya mwaka huo atakuwa akiwaza vyumba ambavyo havisimami tena. Njia rahisi ya kujiepusha na kosa hili ni kutafuta picha mbili za mahali hapo zilizopigwa katika miaka tofauti na kuzilinganisha: paa lipo bado? Uzio umeongezwa? Rangi imefifia kiasi gani?

Ni vyema pia kufahamu kama kazi hiyo iliwahi kutishiwa kubomolewa, kwa maana historia hiyo hueleza kwa nini wenyeji huwa waangalifu na wageni wanaofika na kamera na maswali mengi. Wakuu wa mji wa Los Angeles walikwisha kutoa amri minara ya Watts ibomolewe kwa madai kwamba ni hatari. Mwaka 1959 watetezi wake walikubali ijaribiwe, ukavutwa mnara kwa nguvu ya takriban kilo 4,500, ukastahimili, na mpango wa kuibomoa ukaachwa. Huko Chandigarh nchini India, Nek Chand, aliyekuwa mkaguzi wa barabara, alianza mwaka 1957 kujenga bustani ya sanamu kwa siri ndani ya ardhi ya msitu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kujenga, akificha kazi yake kwa karibu miaka kumi na minane. Ilipogunduliwa ingeweza kuvunjwa mara moja, lakini watu wakaipenda, na mwaka 1976 ikafunguliwa kwa umma. Mtu ambaye alijenga huku akihofia tingatinga, au mtoto wake aliyekua katika hofu hiyo, hawezi kukupokea kama mtu wa hotelini, na hupaswi kumdai hivyo.

Hatua ya pili: Piga hodi kabla hujafika

Iwapo mahali hapo pana namba ya simu, piga. Pakiwa na anwani tu, andika barua fupi. Jitambulishe kwa jina, sema mko wangapi, mnatarajia kufika siku gani na saa ngapi, na mtakaa kwa muda gani. Kisha uliza mambo matatu tu: kama mtaruhusiwa kuingia, kama kuna ada au mchango, na kama kuna jambo ambalo wangependa wageni wasilifanye. Swali hilo la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana huwafungua watu: badala ya kukujibu kwa mkato, mtunzaji hukueleza kuhusu ngazi iliyolegea, mbwa mkali, jirani asiyependa magari mbele ya nyumba yake, na hapo umekwisha kupata habari ambazo hazimo katika maelezo yoyote.

Usipopata jibu, usilichukulie kuwa ni ruhusa. Unaweza kufika, ukatazama kutoka barabarani, na ukapiga hodi langoni mara moja. Ukinyamaziwa, kile kinachoonekana kutoka barabarani ndicho ulichopewa siku hiyo.

Hatua ya tatu: Chagua saa na majira kwa kufuata kazi yenyewe

Wasafiri wengi hupanga saa ya kufika kwa kufuata ratiba yao. Kwa kazi hizi ni afadhali kuanza na jua. Karibu zote zimetengenezwa kwa nyuso zenye mabonde na vilima vidogo vidogo: vipande vya kauri, kome, mawe yenye maumbo ya ajabu, alama zilizokandamizwa kwenye saruji mbichi. Mwanga wa adhuhuri unaoanguka kutoka juu huzifanya nyuso hizo zionekane kama ukuta mtupu, ilhali mwanga wa pembeni wa asubuhi au alasiri huzichomoza. Uso mkuu wa kasri la Cheval, wenye urefu wa mita 26, unatazama mashariki. Anayefika alasiri anaukuta umo kivulini.

Kioo kina kanuni yake. Katika kijiji cha Nieu-Bethesda nchini Afrika Kusini, Helen Martins alizifunika kuta za ndani za nyumba yake kwa vioo vilivyosagwa na kupakwa juu ya rangi, akaweka vioo vya kujitazamia na mishumaa mahali alipokusudia, ili nyumba iwake jioni. Mchana ule ukuta ni mzuri. Mwanga unapoinama ndipo unapoelewa alichokuwa akikitafuta. Kwa hiyo, mtunzaji akikwambia kwamba saa fulani ni bora, mfuate yeye badala ya ratiba yako.

Majira ni suala la usalama zaidi kuliko uzuri. Salvation Mountain, kilima cha udongo na rangi ambacho Leonard Knight alianza kukijenga mwaka 1984 karibu na Niland, California, kiko katikati ya jangwa ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 za Selsiasi na kivuli ni kidogo sana. Huko mtu mwenye busara huenda miezi ya baridi, na akilazimika kwenda kiangazi hufika mapema asubuhi. Kwa kazi za udongo popote zilipo, epuka pia siku zinazofuata mvua kubwa: udongo uliolowa hubeba alama ya kiatu, na alama hiyo hukauka ikabaki.

Hatua ya nne: Maandalizi ya njia

Hapa sitakaa sana. Kazi nyingi za namna hii ziko mbali na miji, kwa hiyo jaza mafuta mahali pa mwisho penye kituo cha uhakika, pakua ramani kwenye simu kabla ya mtandao kupotea, na beba maji ya kunywa ya kutosha kwa siku nzima hata kama ziara ni ya saa moja. Vaa viatu vilivyofunikwa vyenye soli bapa. Visigino vyembamba huumiza sakafu za vigae na pia mguu wako, kwa kuwa wajenzi hawa hawakuzingatia vipimo vya ngazi vya kawaida. Chukua fedha taslimu za noti ndogo ndogo, tochi kwa ajili ya vyumba vya ndani, na darubini ndogo. Wengi huicheka darubini hadi wanaposimama chini ya mnara wenye urefu wa karibu mita 30 na kutambua kwamba nusu ya mapambo yako juu ya uwezo wa macho yao.

Unapofika, usisimamishe gari kwenye kona wala kwenye bega jembamba la barabara kwa sababu tu umeshangaa. Kivutio cha kando ya barabara huwashangaza madereva wengine pia, na dereva aliyeshangaa haangalii mbele. Endelea mbele, tafuta pa kuegesha, urudi kwa miguu.

Hatua ya tano: Kuisoma kazi

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike mwongozo huu. Mgeni wa kawaida huingia, husema "ajabu!", hupiga picha ishirini na kutoka baada ya dakika kumi na tano, akiwa ameona umbo zima lakini hajaiona kazi. Nakuomba ufanye kinyume. Kwa dakika kumi za kwanza acha simu mfukoni, zunguka mahali pote mara moja bila kusimama, kisha urudi mwanzo na uanze kuuliza maswali manne.

Swali la kwanza: alianzia wapi? Karibu kila kazi iliyojengwa kwa miaka mingi ina sehemu ambayo mkono bado ulikuwa mgeni, na sehemu ambayo mkono umekwisha kuzoea. Katika sehemu ya zamani viungo huwa vinene, saruji imezidi, maumbo ni madogo na yenye tahadhari. Katika sehemu ya baadaye mjenzi anathubutu. Ukimwuliza mtunzaji akuonyeshe jiwe la kwanza, mara nyingi anajua. Kwa Cheval habari hiyo inajulikana vizuri: mwaka 1879, akiwa katika mzunguko wake wa kupeleka barua kwa miguu, alijikwaa kwenye jiwe lenye umbo geni, akalichukua, na kesho yake akarudi kutafuta mengine. Mwanzoni aliyabeba mifukoni, kisha kwenye kikapu, na mwishowe kwa toroli, akijenga usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta baada ya kumaliza kazi ya mchana. Toroli hilo alilitengea nafasi yake ndani ya kasri, kama mtu anavyomtengea mwenzake kiti cha heshima. Ukutani aliandika hesabu yake mwenyewe: siku 10,000, saa 93,000, miaka 33 ya taabu. Simama mbele ya maandishi hayo kisha utazame ukuta ulio karibu nayo kwa muda. Kila jiwe lilipita mikononi mwake, na idadi ile inaacha kuwa tarakimu.

Swali la pili: kitu hiki kinashikiliwa na nini? Usitazame mapambo peke yake, tafuta mifupa. Sabato Rodia, mhamiaji kutoka Italia aliyefanya kazi za ujenzi na vigae, alijenga minara ya Watts kati ya 1921 na 1954 bila kuchomelea wala kufunga kwa bolti. Alipinda vyuma kwa kuvibana chini ya reli ya treni iliyokuwa jirani, akaviunganisha kwa kuvifunga waya, akavizungushia wavu wa chuma, kisha akavifunika kwa saruji na kuipachika vipande kabla haijakauka. Hakutumia jukwaa la mafundi. Alipanda juu ya kile alichokwisha kukijenga, akiwa na mkanda kama ule wa wasafisha madirisha. Ukilijua hilo, unaanza kuona kwamba pete zinazozunguka minara, ambazo kwa mbali ni pambo tu, ndizo zilizokuwa ngazi yake.

Swali la tatu: vifaa vilikuwa nini kabla ya kuwa ukuta? Sogea hadi umbali wa mkono mmoja, huku mikono ikiwa nyuma. Katika ukuta wa Rodia utaona kijani cha vitako vya chupa za soda na buluu nzito ya chupa za dawa ya tumbo. Utaona mkono wa kikombe ukiwa bado na ua lililochorwa kiwandani, kome aliyegeuzwa mgongo, na kipande cha sahani ambacho mshono wake na kipande jirani ni mwembamba kama uzi. Kisha, mahali ambapo hakuna kauri, utaona kitu kinachogusa zaidi: alama za zana zake, nyundo na vifaa vingine, alizozikandamiza kwenye saruji mbichi, pamoja na herufi za kwanza za jina lake. Mtu huyu hakuwa na bamba la shaba la kuandikwa jina, kwa hiyo alisaini kwa nyundo. Kwingine alama ni za namna nyingine. Katika kanisa kubwa ambalo Justo Gallego alianza kulijenga mwaka 1961 huko Mejorada del Campo, Hispania, akaendelea hadi alipofariki mwaka 2021, nguzo zilimwagwa ndani ya mapipa ya mafuta yaliyokwisha kutumika, na anayejua hilo huzitazama nguzo zile kwa jicho jingine kabisa.

Swali la nne, ambalo wengi hulisahau: ni mikono ya nani mingine iliyohusika? Tumezoea kusimulia habari za mjenzi mpweke, na simulizi hiyo mara nyingi humfuta msaidizi. Sanamu nyingi za saruji katika ua wa Helen Martins zilitengenezwa kwa ushirikiano na Koos Malgas, ambaye miaka mingi baada ya Martins kufariki mwaka 1976 alirudi kusaidia kuukarabati ua huo. Uliza, kwa upole, kama kulikuwa na jirani aliyebeba mawe, mke aliyechanganya saruji, watoto walioleta vioo vilivyovunjika.

Hatua ya sita: Mikono yako

Kanuni ni moja: usiguse, usipande, usiketi juu ya kitu ambacho hukuelekezwa uketi. Sababu zake zinafaa kuelezwa, kwa kuwa katazo lisilo na sababu halikai kichwani. Kazi nyingi za saruji zina vyuma ndani. Saruji ikipata ufa mdogo, maji huingia hadi kwenye chuma. Chuma huota kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo husukuma saruji kutoka ndani hadi kipande kizima kibanduke na kauri zake. Uzito wa mtoto mmoja aliyening'inia kwa ajili ya picha unaweza kuanzisha ufa ambao hautaonekana kwa miaka mitano. Kwa kazi za udongo hatari huja upesi zaidi. Knight mwenyewe aliujenga mlima wake wa kwanza kwa saruji kidogo na mchanga mwingi mno, ukaporomoka. Akaanza upya kwa udongo, nyasi kavu na tabaka juu ya tabaka za rangi. Ngozi hiyo ya rangi ndiyo mwavuli wa mlima. Kiatu kikiitoboa, mvua huingia, kwa hiyo pita katika njia iliyowekwa kwa ajili ya wageni na si pengine.

Kuna mahali ambapo mambo ni kinyume, na huko pia ufuate ya huko. Magari kumi ya Cadillac yaliyozikwa pua chini mwaka 1974 karibu na Amarillo, Texas, hupakwa rangi na wageni kila siku, na ndiyo desturi yake. Kosa kubwa hapo ni kuacha makopo ya rangi uwanjani. Katika mji wa Cawker City, Kansas, bunda la kamba ambalo Frank Stoeber alianza kulizungusha mwaka 1953 linaendelea kukua kwa kuwa wageni hukaribishwa kuongeza kamba yao. Lakini mwaliko wa mahali pamoja hauhamishiki hadi pengine. Anayetoka Amarillo na kopo la rangi mkononi, akaona ukuta mwingine kando ya barabara, aliache kopo garini.

Ukiwa na watoto, zungumza nao kabla ya kushuka garini. Wape kazi ya kufanya, kama kuhesabu bundi au kutafuta kikombe chenye mkono mzima. Mtoto anayetafuta kitu kwa macho husahau kukigusa.

Hatua ya saba: Kuzungumza na mwenyewe au mtunzaji

Kama mjenzi yu hai, msalimie kwanza na umpe nafasi ya kukutazama naye. Usianze na swali la "kwa nini ulijenga?" Amekwisha kuulizwa hilo na kila aliyepita, na ana jibu fupi aliloliandaa ili kulimaliza. Muulize kuhusu kazi: saruji huichanganya kwa kiasi gani, sehemu ipi ilimsumbua, kipi kilianguka na alikirekebisha vipi, anatafuta kifaa gani kwa sasa. Mtu aliyetumia maisha yake kwa mikono hujibu maswali ya mikono kwa furaha, na "kwa nini" hujitokeza yenyewe katikati ya maelezo.

Usimsahihishe. Akikueleza kwamba aliamriwa katika ndoto, au kwamba kila sanamu ina ujumbe kutoka mbinguni, kazi yako ni kusikiliza na, ukipewa ruhusa, kuandika alivyosema. Ukitaka kurekodi sauti, omba kabla ya kuwasha kifaa.

Hatua ya nane: Picha

Sasa toa kamera. Omba ruhusa hata pale ambapo hakuna kibao cha kukataza, na uliza mahsusi kuhusu kumpiga picha mtu, ndani ya nyumba anayoishi, na kurusha droni. Majibu ya maswali hayo matatu huweza kutofautiana. Ukikusudia kuuza picha au kuzitumia katika tangazo, liseme wazi, maana mjenzi au warithi wake huweza kuwa na haki kisheria juu ya kazi hiyo.

Piga kila upande kwa ukamilifu kabla ya kufuata vitu vidogo. Kisha chukua viungo, kingo, nyufa na maandishi, mwanga ukitoka pembeni. Kuonyesha ukubwa, msimamishe mwenzako kando ya kazi, asiiegemee. Usihamishe chupa wala jiwe hata moja ili picha ipendeze. Kitu kinachoonekana kama kimetupwa chini huenda ndicho alichokiweka kwa kipimo, au ni kipande kilichobanduka ambacho fundi wa ukarabati atahitaji kukikuta kilipoangukia.

Hatua ya tisa: Mchango

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata pale ambapo hakuna ada, weka kitu katika sanduku la michango, na kama halipo, muulize mtunzaji kinachohitajika. Rangi na saruji hugharimu kila mwaka, na michango ya wageni ndiyo iliyoujenga Salvation Mountain kwa sehemu kubwa, kwa kuwa watu walimletea Knight makopo ya rangi. Hata hivyo usipeleke vifaa bila kuuliza: aina ya rangi au gundi isiyofaa huleta madhara, na mzigo wa chupa tupu ambazo hazihitajiki ni taka tu uliyoiondoa nyumbani kwako na kumtwisha mwingine.

Hatua ya kumi: Baada ya kurudi

Jioni ileile, kabla kumbukumbu hazijachanganyika, andika tarehe, jina la mjenzi, uliyoambiwa na aliyekwambia. Zipange picha kwa pande za dira, kwa kuwa baada ya mwezi mmoja hutakumbuka ukuta upi ulikuwa wa kaskazini. Kisha mtumie mtunzaji nakala. Huu ndio mchango ambao wageni wachache hufikiria kuutoa, ilhali ni wa thamani kubwa: kazi hizi hazina michoro, kwani mjenzi alikuwa na ramani kichwani tu, na pale kipande kinapodondoka, picha ya mgeni fulani huenda ikawa ushahidi pekee wa mahali kilipokaa na kilikoelekea.

Unapowaeleza wengine, taja njia na saa zilizo sahihi, na useme ulitembelea mwaka gani. Mwenyewe akiwa amekuomba usieneze mahali anapoishi, liheshimu ombi hilo, onyesha kazi na uache anwani. Kama unachapisha picha za karatasi, ziandike nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa wino huweza kupenya hadi upande wa mbele, na uanze na tarehe: siku, mwezi, mwaka, kisha upande wa jengo, kisha kimo cha takriban kutoka ardhini.